Jiwe kwenye figo: Kitundu hakiui figo, kuchelewa ndiko huua

JE, msomaji, umewahi kuzinduka usiku wa manane ukidhani kuna mtu anayekuchoma kisu ubavuni? Maumivu huanzia mgongoni, chini ya mbavu, yakazunguka tumboni na kuteremka hadi kwenye kinena. Ukilala hakulaliki, ukiketi hakuketiki. Unatapika hata kama hujala kitu. Ukienda msalani, mkojo unatoka kidogo tu, nao una rangi ya strungi.

Ikiwa yamekupata, huhitaji kuelezwa zaidi. Akina mama waliougua maradhi haya na pia kujifungua husema mara nyingi kwamba heri uchungu wa uzazi, kwani mwisho wake ni mtoto.

Sasa tuseme umefika hospitalini, ukadungwa sindano ya kutuliza maumivu na kupigwa picha. Daktari anarudi na bahasha mkononi. Anakuambia kuna jiwe kwenye figo yako ya kushoto, nalo lina upana wa sentimita 2 na nusu. Haliwezi kutoka lenyewe. Anataka kukutoboa kitundu kidogo mgongoni, aingie hadi ndani ya figo, alivunje jiwe hilo na kulitoa vipande vipande.

Hapo ndipo wengi huingiwa na hofu. Swali linalowakereketa, wawe wamelitamka au wamelimeza, ni hili: “Daktari, ukiitoboa figo yangu, si itakufa?”

Hilo si swali la kijinga. Figo si ukucha, kwamba ikikatwa itamea tena. Lakini wapo wagonjwa ambao kwa kukosa jibu la swali hilo huchukua bahasha yao wakarudi nyumbani, wakaanza kunywa mitishamba, na kurejea hospitalini miezi mingi baadaye figo ikiwa imekwisha.

Jibu kwa ufupi ni kwamba kitundu hicho hakiui figo. Kinachoua figo ni jiwe lililoachwa lizibe njia ya mkojo, hasa likiandamana na viini vya maradhi. Jibu kwa urefu ndilo hili linalofuata, na yafaa ulisome kabla ya kukataa au kukubali kutia sahihi karatasi ya upasuaji.

Figo ni chujio

Kila mmoja wetu huzaliwa na figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi hivi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita 1 au 2 zilizobeba taka na chumvi, ndicho mkojo.

Mkojo huo hukusanyika kwanza katika vijikombe vilivyomo ndani ya figo, kisha katika mfuko ulio katikati yake. Kutoka hapo huteremka kwa mrija mwembamba wenye urefu wa sentimita 25 hivi hadi kwenye kibofu.

Jiwe hutokea pale chumvi zinapokuwa nyingi kuliko maji ya kuziyeyusha. Umewahi kuona ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la kuchemshia maji? Ndivyo ilivyo. Chembe moja huganda, nyingine ikaishikilia, na baada ya miezi au miaka una jiwe.

Jiwe dogo, la chini ya milimita 5, kwa kawaida hutoka lenyewe na mkojo. Taabu huja na yale makubwa.

Jiwe huiumiza figo vipi?

Fikiria sinki la jikoni lililoziba huku mfereji ukiendelea kutiririka. Figo haiachi kutengeneza mkojo kwa sababu tu njia imezibwa. Mkojo hurudi nyuma, figo hufura, vichujio hufinywa, na damu inayoingia kuvilisha hupungua. Vichujio vilivyokufa havifufuki.

Wanasayansi waliwahi kuziba mirija ya mkojo ya mbwa katika maabara ili kujua figo huvumilia kwa muda gani. Mrija ulipozibuliwa baada ya wiki 1, figo hatimaye ilirudia nguvu zake zote. Ulipozibuliwa baada ya wiki 2, figo ilirejesha takriban asilimia 70 ya uwezo wake. Baada ya wiki 4, asilimia 30 hivi. Baada ya wiki 6, karibu hakuna kilichorudi.

Mwanadamu si mbwa, na mara nyingi jiwe huziba njia nusu tu, si yote. Hata hivyo somo ni lile lile: kila wiki inayopita njia ikiwa imezibwa huondoka na sehemu ya figo.

La kutisha zaidi ni kwamba maumivu yanaweza kuisha ilhali njia bado imezibwa. Figo inapozoea kufura, au inapoanza kupunguza kazi, kisu kile cha ubavuni hutulia. Mgonjwa humshukuru Mungu na kusema dawa imefanya kazi. Kumbe kimya hicho si kupona.

Kuna pia mawe yanayokua polepole na kuijaza figo yote kama pembe za swara, yakiingia katika kila kijikombe. Mengi ya mawe hayo hutokana na bakteria wanaoishi ndani ya jiwe lenyewe, ndiyo maana dawa pekee haziwamalizi. Mwaka 1976 madaktari Blandy na Singh wa Uingereza waliandika kuhusu wagonjwa wa mawe ya aina hiyo. Katika muda wa miaka 10, asilimia 28 ya wale ambao hawakupasuliwa walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 7 hivi ya wale waliotolewa mawe yao.

Na ipo hali moja isiyongoja hata asubuhi. Ukiwa na jiwe, kisha ukapata homa kali na kutetemeka, nenda hospitali usiku huo huo. Mkojo uliooza nyuma ya jiwe unaweza kumwaga bakteria kwenye damu na kuua mtu kwa muda mfupi. Katika hali hiyo daktari hatakimbilia kuvunja jiwe. Kwanza atautoa mkojo kwa mpira mwembamba, akupe dawa za kuua bakteria, na kuliacha jiwe hadi utakapopata nguvu.

Kutoka kisu kirefu hadi kitundu

Hofu tuliyo nayo tuliirithi kwa wazee wetu, nao walikuwa na sababu. Zamani mtu mwenye jiwe kubwa alipasuliwa ubavuni mkato wa shubiri moja au zaidi. Misuli ilikatwa. Jiwe likiwa limetanda, figo yenyewe ilipasuliwa huku mshipa unaoipelekea damu ukiwa umebanwa. Mgonjwa alilala wodini siku nyingi na kukaa nyumbani wiki kadhaa bila kuinua kitu. Nyama ya figo ilipotea katika upasuaji huo, na aliyerudiwa na jiwe akapasuliwa mara ya pili alipoteza zaidi.

Mwaka huo huo wa 1976, madaktari wawili wa Sweden, Ingvar Fernström na Bo Johansson, walitangaza kwamba walikuwa wametoa mawe ya figo kwa kupitia kitundu kilichotobolewa mgongoni kwa madhumuni hayo. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Ujerumani, Uingereza na Marekani waliiboresha njia hiyo, na leo ndiyo inayopendekezwa kwa mawe ya figo yanayozidi sentimita 2. Hapa Kenya nayo hufanywa. Kwenye karatasi za hospitali utaiona imeandikwa kwa herufi PCNL.

Kazi yenyewe huendaje? Unapewa dawa ya usingizi. Daktari anapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo hadi kwenye figo, na kutia dawa ya rangi ili vile vijikombe vionekane kwenye picha. Kisha, akiongozwa na eksirei au altrasaundi, anachoma sindano ndefu kutoka mgongoni hadi ndani ya kijikombe kimoja. Waya mwembamba unapitishwa, na njia hiyo inapanuliwa polepole hadi ifikie upana wa sentimita 1 hivi, yaani kama kidole kidogo. Siku hizi vipo vyombo vidogo zaidi vinavyopita katika nusu ya upana huo.

Hapo darubini nyembamba huingizwa. Jiwe huonekana kwenye kioo cha televisheni, likavunjwa kwa mitetemo au kwa miali ya leza, na vipande vikatolewa.

Yafaa ujue kwamba daktari hatoboi mahali popote tu. Mshipa mkubwa wa damu huingia figo kupitia katikati, kisha hugawanyika kama matawi ya mti, mengine yakielekea mbele na mengine nyuma. Kati ya makundi hayo mawili kuna ukanda wenye mishipa michache. Mchoraji wa viungo vya mwili Max Brödel aliueleza ukanda huo mwaka 1901. Sindano huelekezwa huko, ikalenge ncha ya kijikombe. Nyama ya figo husukumwa kando zaidi kuliko kukatwa.

Baada ya hapo figo huwaje?

Sasa tumefika kwenye lile swali lako. Majibu yake ni matatu.

La kwanza linahusu kovu. Ni kweli kwamba kila kitundu huacha kovu. Lakini majaribio ya wanyama na picha za figo za wagonjwa yameonyesha kuwa kovu hilo huchukua karibu asilimia 1 tu ya nyama ya figo, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa figo yenye vichujio milioni 1, hiyo ni hasara ndogo mno ikilinganishwa na ile ya kuacha njia ikiwa imezibwa kwa mwezi mmoja.

La pili linahusu siku za mwanzo. Katika siku 1 au 2 baada ya upasuaji, uwezo wa figo kuchuja huweza kushuka kidogo. Mishipa ya damu hujikaza kutokana na jeraha, na majaribio ya nguruwe yameonyesha kuwa hata figo ya upande wa pili hupunguza kasi kwa muda. Kwa hivyo usishtuke ukiambiwa kipimo cha damu cha siku ya pili kimepanda. Kwa wagonjwa wengi kipimo hicho hurudi mahali pake katika siku au wiki chache.

La tatu ndilo kubwa. Figo zikipimwa tena baada ya miezi, wagonjwa wengi huonekana kuwa na uwezo ule ule waliokuwa nao kabla ya kutobolewa. Wapo ambao figo zao hufanya kazi vizuri zaidi kuliko zamani, hasa wale ambao jiwe lilikuwa limeziba njia na likaondolewa mapema. Kizibo kimetoka, mkojo unashuka, na vichujio vilivyokuwa vimefinywa bila kufa vinaanza kazi tena.

Hata hivyo usije ukatarajia muujiza. Figo iliyokwisha kuwa mfuko mtupu haitafufuliwa kwa kutolewa jiwe. Ndiyo maana siku unayoamua ina uzito kuliko upana wa kitundu.

Hatari zipo

Hatutakuwa waaminifu tukisema upasuaji huu hauna hatari. Mwaka 2011 kulichapishwa matokeo ya wagonjwa 5,803 waliotolewa mawe kwa njia hii katika hospitali 96 za mataifa mbalimbali. Takriban robo tatu yao, asilimia 76, walibaki bila jiwe. Wagonjwa 10 hivi katika kila 100 walipata homa. Karibu 8 katika kila 100 walitokwa na damu nyingi, na 6 hivi walilazimika kuongezwa damu.

Kutokwa na damu ndiko kunakoweza kuidhuru figo. Mara chache sana damu hukataa kukoma, ikabidi madaktari wauzibe mshipa ulioumia kwa kupitia ndani ya mishipa ya damu. Sehemu ya figo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa.

Kwa sababu hiyo kuna watu wanaohitaji uangalizi zaidi: wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, wenye figo moja tu, wale ambao figo zao zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na wenye viini kwenye mkojo. Hawakatazwi kutolewa mawe. Mara nyingi wao ndio wenye haja kubwa zaidi, kwa kuwa hawana akiba ya figo ya kupoteza. Wanachohitaji ni kuandaliwa vyema. Mkojo upimwe bakteria na kutibiwa kabla ya siku ya upasuaji. Dawa za kuzuia damu kuganda, ikiwemo aspirini, zijulikane mapema, ila usiziache bila idhini ya daktari aliyekuandikia. Na sukari na shinikizo vidhibitiwe.

Njia nyingine mbili

Si kila jiwe linahitaji kitundu. Njia ya kwanza ni ya mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili. Ilitumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, Februari 1980, na Daktari Christian Chaussy na wenzake. Hakuna kukatwa. Jiwe husagika, nawe ukakojoa changa lake. Hufaa mawe ya chini ya sentimita 2.

Lakini usidhani kwamba kwa kuwa hakuna kisu basi figo haiguswi. Mawimbi hayo huweza kuchubua mishipa midogo ya figo, ndiyo maana mkojo huwa na damu baadaye. Siku hizi madaktari huanza kwa nguvu ndogo na kupiga polepole, mapigo 60 kwa dakika badala ya 120, ili kuilinda figo. Mwaka 2006 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walizua hofu kwamba matibabu haya huenda yakaleta kisukari na shinikizo la damu miaka mingi baadaye. Chunguzi zilizofuata hazikukubaliana kuhusu jambo hilo, na njia hii ingali inatumika kote duniani.

Njia ya pili ni kupitisha darubini nyembamba kwenye njia ya mkojo, ikapita kibofu na kupanda kwenye mrija hadi kwenye jiwe, kisha leza ikalisaga. Figo haitobolewi hata kidogo. Hatari yake kubwa ni viini kuingia damuni, iwapo mkojo ulikuwa mchafu au maji yamesukumwa kwa nguvu nyingi.

Usiisahau stenti

Baada ya upasuaji wowote kati ya hizi, huenda daktari akakuachia kimpira chembamba ndani ya mrija wa mkojo ili njia isizibe kwa uvimbe. Kimpira hicho huitwa stenti. Hakionekani nje. Kinaweza kukufanya uende haja ndogo mara kwa mara au uhisi maumivu unapokojoa, lakini baadaye unakizoea.

Hatari iko hapo kwenye kuzoea. Stenti huwekwa kwa muda, kwa kawaida wiki chache. Ikiachwa miezi mingi, chumvi huiganda juu yake na kuifanya iwe jiwe jipya, refu kuliko lile la kwanza. Wapo watu waliotolewa jiwe vizuri, wakahama mji au wakakosa nauli, wakasahau stenti, na wakapoteza figo ile ile iliyokuwa imeokolewa. Ukitoka hospitalini uliza: “Je, nimewekewa stenti? Itatolewa tarehe gani?” Andika tarehe hiyo kwenye kalenda na umwambie mwenzako nyumbani.

Kipimo cha damu kinaweza kukudanganya

Njia ya kawaida ya kupima figo ni kuangalia kiasi cha kreatinini, taka inayotokana na misuli, kwenye damu. Kikiwa kingi, figo hazichuji sawasawa. Kutokana na kipimo hicho maabara hukadiria kasi ya kuchuja. Kasi ya 90 na zaidi ni nzuri. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi 3, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa figo. Ikishuka chini ya 15, figo zimeshindwa.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki huzipima figo zote mbili pamoja. Ukiwa na figo moja inayokufa kwa jiwe na nyingine nzima, ile nzima hubeba mzigo wote na kreatinini yako ikaonekana ya kawaida. Mtu hufurahi akidhani yu salama, kumbe anaishi kwa figo moja.

Kwa hivyo, ikiwa jiwe lako ni kubwa au limekaa muda mrefu, muulize daktari kama unahitaji kipimo kinachoonyesha kazi ya kila figo peke yake. Unadungwa dawa yenye miale kidogo, kisha kamera inaonyesha figo ya kulia inafanya asilimia ngapi na ya kushoto asilimia ngapi. Kipimo hicho kikifanywa kabla ya upasuaji, na kikarudiwa baada ya miezi 3 au zaidi, hakuna atakayebahatisha.

Maswali ya kumuuliza daktari

Usione haya kuuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Chukua kalamu na uandike haya kabla ya kuingia chumba cha daktari:

Jiwe langu lina ukubwa gani na liko wapi? Je, limeziba njia, na figo imefura?

Mkojo wangu umepimwa bakteria? Kreatinini yangu ni ngapi leo?

Kwa nini umechagua njia hii na si ile nyingine? Umewahi kuifanya mara nyingi?

Iwapo nitahitaji kuongezwa damu, ipo?

Nikisubiri mwezi mmoja nitafute pesa, figo yangu inaweza kungoja? Na kama haiwezi, je, unaweza kuniwekea mpira wa kutoa mkojo kwa sasa?

Bima yangu, iwe ya kampuni binafsi au SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani?

Swali la tano ndilo la muhimu kuliko yote kwa mwananchi wa kawaida. Wengi huchelewa kwa kukosa pesa wala si kwa kukosa akili. Lakini kutoa mkojo kwa mpira ni kazi ndogo kuliko kuvunja jiwe, nayo huipa figo nafasi ya kupumua huku harambee ikiendelea.

Jambo jingine: unaposubiri, usijimezee dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni siku baada ya siku kutoka kwenye duka la dawa. Dawa hizo hutuliza vizuri, lakini zikitumiwa kiholela huipunguzia figo damu wakati ambapo tayari inataabika.

Ili jiwe lisirudi

Aliyewahi kupata jiwe ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kupata jingine katika miaka 5 hadi 10 ijayo iwapo hatabadili lolote. Na kila jiwe jipya ni tishio jipya kwa figo.

Dawa ya kwanza ni maji. Kunywa kiasi cha kukufanya ukojoe lita 2 na nusu kwa siku. Ikiwa unaishi penye joto kama Mombasa, Garissa au Lodwar, ongeza, kwa kuwa maji mengi hutoka kwa jasho. Tunajua wapo wanaojinyima maji makusudi: kondakta wa matatu, dereva wa lori, mama anayeuza mboga sokoni mahali ambapo choo ni cha kulipia. Shilingi za choo ni nafuu kuliko gharama ya kuvunjwa jiwe. Mkojo wako na uwe mweupe kama maji ya ndimu. Ukiona una rangi ya chai, umechelewa kunywa.

Pili, punguza chumvi na nyama. Chumvi nyingi hufanya figo itoe kalisi nyingi kwenye mkojo. Nyama choma ya kila wikendi huongeza asidi inayosaidia mawe kuganda.

Tatu, usiache maziwa. Wengi hudhani kwa kuwa jiwe lina kalisi basi maziwa ni adui. Ni kinyume. Kalisi ya chakulani hushikana tumboni na ile chumvi iitwayo oksaleti iliyomo kwenye spinachi, njugu na chai kali, zikatoka pamoja na choo kabla hazijafika kwenye figo.

Nne, kamulia ndimu au limau kwenye maji yako. Na kama umetolewa jiwe, omba lipelekwe maabara likapimwe. Yapo mawe ya asidi ya yuriki yanayoweza kuyeyushwa kwa dawa bila upasuaji wowote, lakini huwezi kujua bila kupima.

Turudi basi kwenye ile bahasha uliyopewa na daktari. Usiiweke juu ya kabati. Ikiwa humwamini daktari wa kwanza, ipeleke kwa wa pili juma hilo hilo, si mwaka ujao. Kitundu cha upana wa kidole kitapona na kuacha alama ndogo mgongoni, na ndani ya figo kovu ambalo hutalihisi. Figo iliyokufa haina wa kuiponya. Aliyefika huko hubakiwa na mashine ya kusafisha damu kila wiki, au kumwomba ndugu amgawie figo yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.